Jibu: Uturuki baada ya mapinduzi yaliyoshindwa ya 2016

Mkuu, umeuliza kama kushindwa kwa mapinduzi ya Julai 15, 2016 kuliiokoa Uturuki kama nchi ya kidemokrasia ambayo dola yake haina dini. Kwa usiku ule, ndiyo. Kulipokucha mambo yakageuka.

Rais Erdoğan alionekana kwenye skrini ya simu aliyoishika mtangazaji wa CNN Türk, akiwaita wananchi watoke barabarani. Vipaza sauti vya misikiti navyo vikahimiza. Hata CHP, chama cha upinzani kilichoasisiwa na Atatürk, mwasisi wa jamhuri, kiliwapinga wanajeshi waliojaribu kupindua. Kesho yake tu majaji zaidi ya 2,700 wakasimamishwa kazi. Orodha ndefu hivyo kwa siku moja? Mimi naamini ilikuwa kabatini siku nyingi. Hali ya hatari ikadumu miaka 2, katikati yake ikapigwa kura ya maoni ya 2017 iliyompa rais madaraka makubwa kwa asilimia 51 na ushee.

Dola kutokuwa na dini bado kumo kwenye ibara ya 2 ya katiba. Ndiyo maana Hagia Sophia, jengo la kale la Istanbul lililokuwa makumbusho, kugeuzwa msikiti mwaka 2020 hakunitishi kama mahakama zinavyonitisha. Wapiga kura hawajalala: 2019 uchaguzi wa meya wa Istanbul ulifutwa, ukarudiwa, İmamoğlu wa CHP akashinda kwa tofauti kubwa zaidi. Machi 2025 akakamatwa.