Nchi iliyoacha nyuklia ipo, anza na Afrika Kusini

Mdogo wangu, umesema kwenye mdahalo wenu upande wa pili watakuja na hoja kwamba hakuna nchi iliyowahi kuachana na bomu lake la nyuklia, sasa unauliza uwajibu nini. Mi ningekushauri usikimbilie Ukraine. Wengi wanaanzia huko halafu wanabanwa, maana yale mabomu yalikuwa ya Kisovieti na funguo za kuyafyatua zilibaki Moscow, alafu ukitaja ile hati ya Budapest ya 1994, Ukraine ilipokubali kuyaachia kwa kuahidiwa usalama, wanakurushia vita vya Urusi na Ukraine, umekwisha.

Anza na Afrika Kusini. Hawa waliunda wenyewe, mabomu 6 kamili na la 7 lilikuwa bado halijaisha, kwa siri wakati wa ubaguzi, Rais de Klerk alivyoingia madarakani akaamuru yafumuliwe, 1991 wakasaini NPT, ule mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, na Machi 1993 ndo akasimama bungeni akakiri hadharani. Wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, wakaenda kuhakiki. Hapo wabishe nini?

Ila jiandae, watakwambia makaburu waliogopa tu kuwaachia ANC, chama cha Mandela, bomu. Usikatae moja kwa moja bana, wapo wachambuzi wanaosema hivyo, we sema pia maadui waliokuwa wakiwahofia walikuwa wanapungua, Wacuba walishaanza kuondoka Angola na Wasovieti wamechoka, kwa hiyo bomu lilikuwa mzigo tu.

Wakileta Korea Kaskazini, iliyojitoa NPT 2003 na kulipua jaribio la kwanza 2006, kubali haraka upite. Na Mkataba wa Pelindaba usiusahau, umeanza kazi 2009, unapiga marufuku silaha za nyuklia Afrika nzima, na hiyo Pelindaba yenyewe ni kituo cha nyuklia kulekule karibu na Pretoria.