Andika alama kabla ya chupa ya pili

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mimi na mwenzangu tunaingia kafunda mpya (baa ndogo ya mtaani) hapa Kampala, tunakunywa, tunaipa alama kwa kumi. Daftari letu la kwanza ni la kutupa. Humo kuna kafunda moja ya Kabalagala yenye tisa. Usiku ule ilikuwa ya nne kuingia. Tuliporudi Jumatano, vichwa vikiwa vizima, meza ilikuwa inayumba, choo hakina maji, na ule muziki mtamu kumbe ulitoka baa ya jirani.

Tangu hapo tunaandika kabla ya chupa ya pili kufunguliwa, kila mtu kivyake, bila kuchunguliana. Baa mbili kwa usiku, basi. Bia ya Nile Special ina kilevi asilimia 5.6 na chupa ni nusu lita. Ukifika ya nne, hata kiti cha plastiki unakisifu. Na gari libaki nyumbani.

Msipoteze alama kwa bia yenyewe. Bell inatoka Luzira, na ni ile ile ukiinywa Ntinda au Wandegeya. Tazameni friji. Mhudumu atauliza, "Baridi au ya moto?" Mwenzangu ni mtu wa ya moto (sijawahi kumwelewa), kwa hiyo friji naikagua mimi. Chupa ifunguliwe mbele yako. Chenji ije bila kukumbushwa. Choo anakwenda kukiona yeye kabla hatujaagiza. Mara mbili ametoka huko akipita moja kwa moja mpaka barabarani, nami nikamfuata bila kuuliza.

Mkiagiza nguruwe wa kuchoma, ulizeni atachukua muda gani. "Dakika ishirini" huwa ni saa nzima. Kuna mama mmoja alitujibu, "Saa moja na nusu, wanangu, moto ndio kwanza nawasha." Tulimpa alama mbili za ziada papo hapo, na nyama ikaja kwa wakati wake.

Kwenye malwa, ile pombe ya ulezi, vipimo vyote hivi viacheni mlangoni. Chungu ni kimoja, mirija mirefu, maji ya moto yanaongezwa kila kinapopungua, na wenye chungu wana mwenyekiti wao. Tulikaribishwa, tukakaa, mwenzangu akatoa daftari kwa mkono wa kulia na kushika mrija kwa wa kushoto. Mazungumzo yakakatika. Mzee mmoja akamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Kijana, huo mkono ni wa nini?"

Akabadilisha. Daftari likarudi mfukoni, tukanywa mpaka chungu kikawa maji matupu. Asubuhi nilikuta ameandika mstari mmoja tu kwenye ukurasa wa siku ile: "Wametupa nne."