Mechi ya kirafiki ya raga na Wawelshi: maneno kwa mliojiunga na klabu yetu msimu huu

Wadogo zangu, Jumamosi niliwatazama kule Wales, ng'ambo ya mto Severn, tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Mlijituma, na hilo sitawanyima. Lakini makosa niliyoyaona ni yale yale ya waliowatangulia, kana kwamba yanarithishwa pamoja na jezi. Jumamosi ijayo Wawelshi wengine wanakuja kwetu, na ligi inaanza Septemba. Basi nisikilizeni sasa.

1. Raga ya wachezaji saba imewalea, na ndiyo inayowaponza.

Najua mlikotoka. Mmekua na Safari Sevens, yale mashindano ya raga ya saba ya Nairobi, na ile fainali ya Singapore ya 2016 Kenya tulipoichapa Fiji 30–7 mnaweza kuisimulia mkiwa usingizini. Raga ya saba inakuambia ukiona mwanya, kimbia, kwa kuwa uwanja ni mpana na watu ni wachache. Kule mabondeni kaskazini mwa Cardiff mnakutana na watu kumi na tano, na wale wanane wa mbele wengi wao wamesukumana pamoja tangu utotoni.

Winga wetu, mkimbiaji wa pembeni, alipokea mpira karibu na mstari wetu wa mita 22. Akawapita wawili, benchi zima likasimama. Akakabwa kabla ya nusu ya uwanja, na wenzake bado wako nyuma sana. Flanka wao, mmoja wa wale wanane wa mbele, akafika, akajisimamisha imara kwa miguu yake, akatia mikono kwenye mpira. Kijana wetu akaung'ang'ania. Penalti. Wakaupiga nje kule kona, wakaushinda mpira wa lainauti, ule unaorushwa kutoka pembeni kati ya safu mbili, wakafunga moli, yaani wakamzunguka mwenye mpira wakiwa wamesimama, wakatembea nayo hadi ndani. Trai, yaani mpira chini nyuma ya mstari wetu wa goli. Baada ya muda mfupi hadithi ikajirudia upande wa pili wa uwanja, safari hii kwa mtu mwingine, naye akaniangalia kama aliyeonewa na refa.

Hamkuonewa. Ukikimbia peke yako, utakabwa peke yako. Kabla ya kukata kwenda nje, sikia sauti ya anayekufuata. Ukianguka, uweke mpira upande wetu papo hapo. Na nyinyi mlio karibu, ruki, ule msukumano juu ya mpira ulio chini, si ya mafowadi, wale wanane wa mbele, pekee! Anayefika kwanza ndiye anayesafisha, hata kama nywele zake zimechanwa vizuri.

2. Kabeni chini.

Tangu Julai 2023 raga ya klabu za kawaida huku Uingereza inataka ukabe kuanzia chembe cha moyo kwenda chini. Wengi wenu bado mnanyoosha mikono kifuani na mabegani kama mlivyozoea nyumbani. Pindeni magoti. Na kichwa kikae nyuma ya makalio ya mnayemkaba, kisitangulie mbele yake, maana hapo ndipo goti lake linapokikuta.

3. Ukigongwa kichwa, sema.

Hapa sitakuwa mfupi.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na flanka kutoka Nairobi. Alikuwa mwepesi, mpole, anayefika mazoezini kabla ya kocha. Nafasi ya timu ya kwanza ilikuwa moja na waliokuwa wakiitaka ni watatu. Mechi yake ya kwanza ya kutazamwa ilikuwa ya kirafiki, Agosti, dhidi ya Wawelshi, ardhi ngumu kama sakafu. Kipindi cha kwanza alimkaba propu wao, mmoja wa wazito wa safu ya mbele, kichwa kikiwa upande mbaya. Goti likampata kwenye panja. Sote wa benchi tuliusikia ule mgongano.

Akainuka. Akajipangusa majani magotini, akainua kidole gumba. Mtu wa huduma ya kwanza akamfuata, akamwambia ni bega tu. Akapewa chupa ya maji. Nikamwona akiielekeza mdomoni na maji yakimwagikia kidevuni, naye hana habari. Kisha akamuuliza huka wetu, yule wa katikati ya safu ya mbele, matokeo ni ngapi. Huka akamjibu. Kabla mpira haujarushwa kwenye lainauti, akamuuliza tena, kwa maneno yale yale.

Huka aliona. Sisi wa benchi tuliona. Na hakuna aliyenyanyua mkono. Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwa kocha, na nilijua kijana yule ameipigania nafasi ile kiasi gani, ametuma picha nyumbani akiwa na jezi. Nikajiambia atakaa sawa. Sote nadhani tulijiambia hivyo, na kwa huruma ile ile tukamwacha ndani.

Aliendelea kucheza mpaka karibu na mapumziko, na katikati ya hapo akagongwa tena, kidogo tu, bega la mtu. Safari hii alipoinuka alikwenda kusimama kwenye safu ya Wawelshi, akangoja mpira pamoja nao. Aliyesimamisha mchezo alikuwa yule propu. Alimshika mkono taratibu kama anayemvusha mtoto barabara, akamwita refa, akasema huyu hayuko sawa. Mpinzani ndiye aliyefanya kazi yetu.

Kijana hakucheza tena hadi baridi ilipoingia. Mwanga ulimuumiza, basi lilimtia kichefuchefu, hakuweza kusoma ukurasa mmoja wa masomo yake. Nafasi aliyoogopa kuipoteza kwa kutoka, aliipoteza kwa kubaki.

Sasa hesabuni wenyewe. Mechi hizi hubadilisha wachezaji bila kikomo, makocha wakishakubaliana na refa. Mtu akitoka, hakuna anayemwandikia alama mbaya. Katika ngazi yetu mtu anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatoka na harudi siku hiyo. Wale mnaowaona kwenye runinga wakitoka, wakipimwa na kurudi, wana madaktari na video pembeni. Sisi tuna mfuko wa barafu na watu wa kujitolea. Baada ya hapo anarudi hatua kwa hatua, na mechi yenye mgongano haichezwi kabla ya siku ya 21, hata kama anajisikia mzima wiki ya kwanza. Saa 24 za mwanzo haachwi peke yake, hanywi pombe, haendeshi gari. Mnaoishi naye nyumba moja, hiyo ni kazi yenu.

Na ukiona mwenzako anauliza jambo moja mara mbili, au anayumba akiinuka, au macho yanakutazama bila kukuona, piga kelele. Usimwulize yeye kama yuko sawa. Atakuambia yuko sawa. Mwambie refa, mwambie meneja, nijie mimi. Akikununia nitamnunia mimi kwa niaba yako.

4. Safu ya mbele haina kujaribu.

Jumamosi propu alipotoka, mmoja wenu mwenye mwili mkubwa alijitolea kuingia. Moyo mzuri, lakini hujafundishwa skramu, ule msukumano wa mafowadi waliofungamana, na skramu ya Wawelshi si mahali pa kuanzia. Shingo yako unaihitaji. Tukiishiwa na watu waliofunzwa, tutaomba skramu zisizosukumwa, na mchezo utaendelea.

5. Mengineyo.

Anayetoka chama cha raga cha nyumbani anahitaji idhini yao kabla ya kusajiliwa huku, na karatasi hiyo huchelewa, kwa hiyo wasumbueni mapema. Mnaoendesha magari: ukishavuka daraja la Severn, mitaa mingi ya makazi Wales ina kikomo cha maili 20 kwa saa tangu Septemba 2023. Tulipitwa na basi la shule, na huo wetu ndio mwendo sahihi.

Baada ya mechi, msikimbilie simu. Watatu wenu mlikula mmekaa pembeni, mmevaa spika za masikio, wakati wenyeji wametupikia na nahodha wao amesimama kuwashukuru. Kaa na yule uliyecheza naye ana kwa ana. Muulize alikusoma vipi. Yule huka wao mwenye mvi alikaa na kijana wetu wa safu ya mbele karibu saa nzima, akipanga vikombe vya chai mezani kumwonyesha jinsi ya kushika na kukaza mgongo. Somo kama hilo hulipati kwa kocha yeyote, nalo lilitolewa bure. Wakianza kuimba, mtaombwa nanyi muimbe; chagueni wimbo mmoja wa nyumbani mnaoujua wote mpaka mwisho.

Jumamosi tunawapokea sisi. Fikeni saa sita mchana, kinga ya meno mfukoni. Anayecheza safu ya mbele aniambie kabla ya Alhamisi, na winga wetu aje dakika ishirini mapema, nina mambo mawili ya kumwonyesha kwenye ruki.