Usiyasingizie maji: baridi yabisi na vumbi la fundi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 44, ni fundi wa tarazo Arusha na navuta sigara. Tangu mwezi wa tatu naamka vidole vimevimba na kukakamaa, hadi saa tatu ndipo naweza kushika mwiko. Kipimo cha damu cha anti-CCP, cha baridi yabisi, kimetoka chanya. Wenzangu wanasema ni maji ya baridi tunayosugulia sakafu. Nikiyaacha na kutumia unga wa mizizi niliouziwa stendi, nitapona?

JIBU: Marahaba. Jina la ugonjwa huu, baridi yabisi, limewaponza wengi. Baridi huzidisha maumivu ya kiungo ambacho tayari kinaumwa, haianzishi ugonjwa. Dar es Salaam wanaugua vilevile, na joto lao lote.

Maji ndiyo yanayokulinda. Ukikata jiwe kavu kwa grenda, vumbi la silika huingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kuichokoza kinga ya mwili, ambayo kwenye baridi yabisi hugeuka kushambulia viungo. Mwaka 1953 Dk. Anthony Caplan alieleza mabaka ya pekee kwenye mapafu ya wachimba makaa wa Wales waliokuwa na baridi yabisi. Sigara nayo hubadili protini za mapafu, kinga ikazitungia kingamwili (antibodi). Hizo ndizo kipimo chako kilizozikuta, na mara nyingi huwamo damuni miaka kadhaa kabla kidole hakijavimba. Kwa hiyo usihesabu kuanzia mwezi wa tatu.

Kata kwa maji, usifagie vumbi kavu, vaa barakoa ya N95 iliyobana (ndevu huivujisha, kitambaa hakizuii vumbi hili laini). Sigara acha, maana hupunguza nguvu ya methotreksati, dawa kuu ya baridi yabisi. Ila kuacha peke yake hakuzimi ugonjwa ulioshaanza, dawa utahitaji.

Sasa huo unga. Unga unaonyoosha vidole kwa siku mbili, mara nyingi umesagiwa deksamethasoni au prednisoloni, yaani dawa kali za hospitali za jamii ya steroidi, na muuzaji anakuapia ni mizizi mitupu! Uso huumuka kama andazi, sukari hupanda, mifupa hudhoofika, huku kiungo kikiendelea kuliwa kimyakimya. Ukiutumia wiki kadhaa kisha ukaisha ghafla, tezi za juu ya figo zinakuwa zimelala: unatapika, presha inashuka, unazirai, na wapo wanaokufa hivyo. Kama umeshauanza, usiukatishe mwenyewe. Uchukue na kifuko chake uende hospitali leo, useme umeutumia siku ngapi na vijiko vingapi. Na ukiandikiwa methotreksati, ni mara moja kwa wiki. Anayeimeza kila siku anajitilia sumu.