Gari linashtuka likipanda mlima: pampu iache kwanza

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, nakaa Kisumu na nafundisha upande wa Mbale, Vihiga. Naendesha Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A, gia otomatiki. Nikitoka Mamboleo kupanda Kiboswa, nikikanyaga mafuta gari linashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Nikiachia kidogo linatulia. Kwenye tambarare halina neno. Asubuhi baada ya mvua ndiyo mbaya zaidi. Fundi wangu alifunga plagi nne mpya, gari likawa zuri siku nne, ya tano likarudia yale yale. Sasa anasema ni pampu ya mafuta na anataka shilingi 9,500. Mume wangu anasema ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Taa ya injini haijawaka. Jumamosi nina safari ya Nakuru. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, pampu iache kwanza. Pampu iliyochoka haishtui gari hivyo. Ukikanyaga, gari huanza kuvuta vizuri, kisha nguvu hufifia taratibu kama mtu anayeishiwa na pumzi, na mlima unavyorefuka ndivyo linavyozidi kulegea. Tena pampu iko ndani ya tangi, haina habari kama usiku mvua ilinyesha. Wewe umeniambia kwikwi: linavuta, linakata, linavuta, linakata, na ukiinua mguu linatulia papo hapo. Hiyo ni silinda inayokosa moto. Kwenye gereji tunasema injini inamisi.

Mbona mlimani tu? Cheche ya plagi huruka kwenye mwanya mdogo, kama milimita moja hivi. Ukienda polepole kwenye tambarare, hewa inayoingia kwenye silinda ni kidogo, haibanwi sana, na cheche inaruka bila taabu. Ukikanyaga kupanda Kiboswa, silinda inajaa hewa, hewa inabanwa, na umeme unahitaji nguvu nyingi zaidi kuruka mwanya ule ule. Hapo ndipo unapotafuta njia ya panya, kama mzigo pale Busia forodha ikikaza. Unatambaa juu ya kauri ya plagi, au unatoboa raba ya waya, unaishia kwenye chuma cha injini, na petroli iliyomo ndani haijawashwa.

Sasa tuje kwenye zile siku nne, maana ndizo zilizonifanya nishuku mahali pamoja. Injini ya 5A ina plagi zilizozama katikati ya kifuniko cha valvu, kila moja kwenye kisima chake. Raba zinazozuia oili isivujie visimani hukauka kwa joto na umri, na gari lako si kijana. Oili inaingia tone kwa tone, inajikusanya kwenye kofia ya waya wa plagi. Au ni maji. Nikuulize: uliosha injini karibuni? Hapa Kisumu watu wanapeleka magari ziwani, kijana anafungua boneti na kumwaga maji kwa ndoo, injini inang'aa, na visima vinne vimebaki vimejaa maji kama vikombe.

Niliwahi kuchomoa waya wa silinda ya tatu kwenye Corolla kama yako. Ulitoka ukichuruzika oili nyeusi, na kofia yake ya raba ilikuwa laini na imevimba kama mkate uliolowa chai. Nilipoipangusa plagi, kwenye kauri nyeupe palikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama mtu aliyepiga kalamu ya risasi kutoka juu mpaka kwenye chuma. Mstari huo ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Ukishachorwa, cheche inaufuata kila mara injini ikibanwa. Ndani ya kofia ya waya kulikuwa na mstari mwingine, pacha wake. Ukibadilisha plagi ukaacha waya, mstari wa kwenye waya unaanza kuichora plagi mpya. Siku nne, wiki, inategemea na milima yako.

Kwa hiyo mwambie fundi aanze hapo. Injini ikiwa imepoa, achomoe waya mmoja mmoja akishika kofia, asivute waya wenyewe, kisha amulike kisimani kwa tochi. Kama kuna oili au maji, akaushe kwa kitambaa na upepo wa kompresa kabla ya kulegeza plagi, la sivyo uchafu wote utaanguka ndani ya silinda. Plagi zikitoka, azipange chini kwa mpangilio zilivyotoka. Silinda ya kwanza ni ile ya upande wa mkanda wa taimingi, yaani upande wa dereva kwa magari yetu. Plagi yenye mstari, au iliyolowa petroli wakati wenzake ni wakavu wa kahawia, ndiyo mgonjwa.

Kama visima ni vikavu, kuna kipimo cha usiku ambacho mimi nakipenda kuliko mita yoyote. Subiri giza, washa injini, fungua boneti, chukua chupa ya kupulizia maji ile ya kupigia pasi, upulizie ukungu kidogo juu ya waya za plagi na kifuniko cha distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi. Waya mbovu utauona wenyewe: vicheche vya buluu vinacheza juu yake na injini inaanza kukohoa. Usiguse kitu, na nguo zisikaribie mikanda. Mchana, mita ya fundi umeme inatosha. Waya mmoja usizidi omu 25,000 kutoka ncha hadi ncha. Mita isiposoma chochote, waya umekatika ndani.

Afungue pia distribyuta. Ndani ya kifuniko aangalie ncha zilizoliwa, mistari ile ile ya kaboni, na kile kijiti cheusi cha katikati kinachogusa rota, yaani mkono unaozunguka ndani, maana kikiisha cheche inaruka hewani bure. Oili ndani ya distribyuta maana yake oringi yake, raba ya kuzuia oili, imechoka. Akirudisha waya, mpangilio wa moto, yaani silinda zinavyofuatana kuwaka, ni 1-3-4-2. Nimeona gari likivutwa na kamba kutoka Kondele kwa sababu tu waya mbili zilibadilishana.

Jambo moja nisilolipenda: mafundi wengi hutafuta silinda mgonjwa kwa kunyofoa waya za plagi injini ikiunguruma. Nilifundishwa hivyo, nikapigwa na umeme mpaka nikaacha. Cheche isiyo na pa kwenda inaweza pia kuua koili, ile inayozalisha umeme wa cheche. Ni afadhali kuchomoa soketi ya injekta, yaani pua inayopuliza petroli, moja baada ya nyingine. Ukichomoa na sauti ya injini isibadilike, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Ila kwa tatizo linalotokea mlimani tu, kipimo hiki kinaweza kukudanganya. Injini ikiunguruma bila mzigo, silinda zote nne huonekana wazima.

Kuhusu petroli ya mume wako, hoja yake si ya kipuuzi. Mchezo huo ulikuwa mkubwa, na ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Lakini mafuta mabaya yanaumiza silinda zote kwa pamoja, mvua inyeshe isinyeshe, na yasingekupa likizo ya siku nne kwa sababu ya plagi mpya. Ukitaka kumtuliza, jaza kituo kingine safari hii.

Taa ya injini isikutie moyo wala hofu. Kompyuta ya Corolla ya enzi hiyo haihesabu cheche zilizokosa. Inalalamika sensa ikikatika. Kama gari lingekuwa linashtuka mahali pale pale pa pedali, mlimani na tambarare sawasawa, ningeshuku sensa ya trotoli, ile inayopima mlango wa hewa umefunguka kiasi gani. Kama ni mshtuko mmoja mzito unapoanza kuondoka, ningetazama maunti, raba zinazoishikilia injini. Hayo siyo yako.

Matengenezo yafuate utaratibu, vinginevyo utalipa mara mbili. Kwanza kuziba uvujaji: gasketi ya kifuniko cha valvu pamoja na raba za visima. Kisha seti nzima ya waya, si mmoja. Plagi mwisho, na ile tu iliyochorwa mstari ikiwa nyingine bado safi, kwa kuwa ni mpya. Aanze kuifunga kwa vidole, au kwa kipande cha paipu ya raba kilichovishwa juu ya plagi. Kichwa cha injini hii ni alumini, na nyuzi zikiharibika utaikumbuka bei ya pampu kwa upendo.

Ikiwa baada ya hayo bado linamisi, na silinda ni ile ile, pima kompresheni, yaani jinsi silinda inavyobana hewa. Ikiwa silinda zote zinalegea mlimani, hapo ndipo tuzungumze mafuta: chujio kwanza, kisha fundi afunge geji ya presha. Kwenye injini hii, paipu ya vakyumu ya regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ikiwa imechomolewa, itafutwe psi 38 hadi 44. Asiyekuwa na geji asiiuze pampu. Nasema hivi nikiwa na deni: miaka ya nyuma nilimuuzia mzee mmoja pampu, akalipa bila swali, na kosa lilikuwa waya uliopasuka chini ya kofia. Nilimrudishia pesa, lakini safari zake mbili za kuja kwangu sikuweza kumrudishia.

Na Nakuru Jumamosi? Usiende nalo kabla halijatengenezwa. Utapanda Kericho, ambako mvua hainyeshi kwa kubahatisha, kisha uendelee kupanda mpaka Mau Summit ukiwa nyuma ya malori. Kwikwi ikikushika katikati ya kuovateki, utajuta. Zaidi ya hapo, petroli isiyowaka kwenye silinda inaenda kuwakia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi chini ya gari, inaichoma mpaka inayeyuka na kuziba ekzosti. Kazi niliyoieleza haimalizi siku nzima, spea zikipatikana. Isipokamilika Ijumaa jioni, panda matatu Mwalimu, gari utalikuta Jumapili.