Trekta inachemsha, fundi kang'oa thamostati

SWALI: Habari fundi. Nina trekta ndogo ya hospawa 27, niko Misungwi. Nikilima mbugani asubuhi inaenda poa, ikifika saa tano mshale wa joto unapanda mpaka kwenye nyekundu. Fundi wa huku katoa thamostati akasema na kifuniko cha rejeta nisikikaze sana ili mvuke upumue, lakini bado inachemsha. Ninunue pampu ya maji?

JIBU: Salama kaka. Pampu iache kwanza, hela yako itunze. Mimi kilichoniuma hapo ni hiyo thamostati, maana hapa gereji kila msimu wa kulima naletewa trekta za hivyo, na ukiuliza nani katoa unaambiwa fundi, kasema nchi za joto haihitajiki. Nani kawadanganya? Thamostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa injini inakaa baridi muda mrefu, dizeli haiungui yote, inateremka kwenye oili, siku ukichomoa kijiti cha kupimia oili unakuta oili nyepesi kama maji inanuka dizeli na ringi za pistoni ndo zinaliwa hivyo. Tena kuna injini ambazo thamostati ikifunguka inaziba ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, sasa ukiing'oa njia inabaki wazi, maji ya moto yanazunguka humo humo, kwahiyo umeongeza kuchemsha kwa mkono wako mwenyewe.

Kifuniko ndo kabisa. Sisi huku tuko juu, Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi sio 100. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, yaani kipimo chake cha presha, kikikazwa kinabana presha, maji yanavumilia mpaka 115 hivi ndo yachemke. Ukikilegeza umeyarudisha kwenye 96 na yanaisha kwa mvuke wewe uko kwenye usukani hujui. Kikaze, na usikifungue injini ikiwa ya moto, yale maji yanaruka usoni.

Sasa ya kwako. Inayochemsha saa tano wakati asubuhi ilikuwa poa, mara nyingi naikuta imezibwa na makapi. Fungua boneti injini ikiwa imepoa, uchomoe wavu ulio mbele ya rejeta, utakuta vumbi la mbuga limegandana na majani makavu kama blanketi. Puliza rejeta kwa upepo mdogo kutokea upande wa injini kwenda mbele, usipige presha kubwa inalaza mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta. Mkanda wa feni ubonyeze kwa dole gumba, ukizama zaidi ya sentimita 1 hivi umelegea. Na kama unajazia maji ya ziwani acha, weka kulanti, yale maji maalum ya rejeta, nimeshafungua rejeta za watu wa mwambaoni ndani kuna tope la kutu limeziba vibomba vya maji nusu nzima. Thamostati mpya kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, maji yakichemka haijafunguka hiyo ni mbovu, irudishe dukani.

Ninachowaomba wenye trekta wote, fundi ambaye dawa yake ni kutoa kitu muogopeni. Leo katoa thamostati, kesho swichi ya klachi, ile inayozuia trekta isiwake bila kukanyaga klachi, imekufa badala ya kubadilisha anaunga nyaya mbili, trekta inawaka ikiwa kwenye gia na aliyesimama mbele ya tairi hana pa kukimbilia. Mwingine anakata lile bomba la nyuma ya kiti eti linagonga matawi ya miembe, wakati trekta ikipinduka kwenye tuta la jaruba hilo bomba na mkanda wa kiti ndo vinakuokoa. Plastiki inayofunika shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha mashine kama rotaveta ya kusaga udongo, nayo wanaing'oa ili kupaka grisi iwe rahisi! Ile shafti inazunguka mara 540 kwa dakika, mara 9 kila sekunde, ikishika kanga au mguu wa suruali huwahi kufika kwenye klachi. Kama ya kwako imeng'olewa, usiwashe rotaveta mpaka umeirudisha.