Jibu: Opera ya kiwandani redioni, bila kuona jukwaa

Ndugu, umeuliza kama opera ya Maschinist Hopkins (yaani "Hopkins fundi mitambo") ina ladha ikisikilizwa redioni tu, tena bila kujua Kijerumani. Kwangu mimi, hapo ndipo inaponoga! Mtunzi wake, Max Brand, aliitoa mwaka 1929 kule Duisburg, Ujerumani, mji wa chuma na makaa ya mawe, na ndani yake mitambo yenyewe ina sauti. Ni usiku, kiwanda kitupu, mara kwaya ya mashine inaanza. Ukifika hapo zima taa kabisa, usikilize. Kisa chenyewe: Bill na Nell wanaiba siri za kiwanda, mume wa Nell anafia mtamboni, baadaye Hopkins, fundi wa hapo, anapigana kiwanda kisifungwe. Wanazi waliipiga marufuku. Inaniuma mpaka leo.